Barua ya wazi kwa mawaziri wa ulinzi wa Tanzania na Kenya: mkondo wa Pemba usiku hauna mwenyewe

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
na kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi, Jamhuri ya Kenya.

Waheshimiwa, assalamu alaikum, na salamu nyingi kutoka Kaskazini Pemba.

Mimi ni katibu wa kamati ya wavuvi katika diko moja, yaani bandari ya wavuvi, la upande wa Ras Kigomasha. Kazi yangu ni daftari. Naandika nani katoka, na chombo gani, saa ngapi, na asubuhi naweka alama mbele ya jina la kila aliyerudi. Barua hii nimewaandikia nyote wawili kwa pamoja, kwa sababu nikimwandikia mmoja atanijibu kuwa jambo hili ni la mwenzake. Jibu hilo nimeshalipata mara nyingi.

Usiku mmoja wa giza, msimu wa kaskazi, ami yangu alikuwa ameshatupa jarife, wavu wake mkubwa, kaskazini-magharibi ya mnara wa Kigomasha, yeye na mabaharia wanne. Bahari ilikuwa shwari. Kama saa nane za usiku wakasikia mngurumo wa mashine kubwa kabla hawajaona kitu. Kikatokea chombo kirefu cha chuma, hakina taa hata moja, kikapita juu ya jarife na kuendelea polepole. Hazikupita dakika nyingi zikaja faiba mbili, boti zile nyepesi za kasi, kutoka upande wa bara, nazo giza tupu, zikakiegemea. Wakaona tochi ikimulika chini, na mizigo ikipokezwa mkono kwa mkono. Ami akazima kandili yake, akawaambia vijana walale chini, akatoa simu.

Pale dikoni kwetu kuna ubao wa bati uliopakwa rangi ya buluu. Umeandikwa kwamba ukiona chombo usichokifahamu, piga namba hii. Ami namba ile anaijua kwa moyo. Akapiga, haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Mara ya tatu akanipigia mimi nyumbani, na nilichoweza kumfanyia ni kumwambia akate jarife lililobaki arudi.

Asubuhi nilikwenda kutoa taarifa. Niliulizwa swali moja tu: chombo kilikuwa upande wetu au upande wao? Nikasema sijui, ami anakisia kwa mnara na kwa nyota, hana kifaa cha kumwonyesha mstari. Nikaambiwa kama ni ng'ambo ya mstari, basi hiyo ni kazi ya wenzetu. Nikampigia ndugu yetu mmoja wa Shimoni, upande wa Kenya, naye akaenda kwenye ofisi ya kwao. Akaulizwa swali lile lile. Kufikia adhuhuri hakuna aliyekwenda kuangalia, si wa huku wala wa kule.

Kusi ilipoanza, ami alitoka tena kwa jarife la kuazima. Mashine ikazimika katikati ya mkondo. Waheshimiwa, wanaojua bahari hii wanajua maji yake yanakwenda kaskazini, na kusi ikishika yanakwenda kwa kasi. Mpaka wanapata mtu wa kuwafunga kamba walikuwa wameshavuka, na aliyewafunga kamba ilikuwa boti ya doria. Walilala mahabusu siku nne. Walirudi kwa basi kupitia mpaka wa Horohoro na nguo walizovaa, mashua na mashine vimezuiliwa kama vielelezo. Mashua ilirudi baada ya miezi mitatu. Mashine haikurudi. Nilifunga safari kwenda kuiulizia, nikaikuta imelazwa juani nyuma ya ofisi, kifuniko kimepasuka. Nilipoushika mpira wake wa mafuta ulikatika mkononi kama kijiti kikavu.

Sisemi haya ili nishitaki ofisi ya Kenya. Wavuvi wa Vanga kule Kenya wana hadithi kama hizi kuhusu doria za upande wetu, na nyingine ni chungu kuliko hii. Ninachotaka mkione ni kimoja. Usiku ule chombo cha chuma kilipopita, bahari haikuwa na mwenyewe. Siku mashine ya ami ilipozimika, bahari ilipata wenyewe wawili kwa mpigo.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba jambo hili nchi zetu zilishalimaliza zamani. Mwaka 1976, tarehe 9 Julai, Tanzania na Kenya zilikamilisha kubadilishana barua za makubaliano ya mpaka wa bahari. Mstari ule ulipimwa kwa vitu tunavyovijua sisi: taa ya Mpunguti ya Juu upande wa Kenya, na mnara wetu wa Kigomasha. Ndani ya makubaliano hayo kuna kifungu kuhusu uvuvi. Kinasema wavuvi wenyeji wa nchi zote mbili wanaovua kwa ajili ya riziki yao waruhusiwe kuvua ndani ya maili 12 za baharini kila upande wa mpaka wa maji ya kitaifa, kwa kufuata kanuni zilizopo, na kwamba leseni na taratibu za kila nchi kwa wavuvi hao zitambuliwe na nchi ya pili. Waliokaa kuandika maneno hayo walielewa kwamba samaki hasomi ramani, na kwamba watu wa Tumbe, Msuka, Shimoni na Vanga ni watu wa dago moja, kambi moja ya uvuvi. Mwaka 2009 nchi zetu zikakaa tena na kusaini mkataba wa kuusogeza mpaka mbele zaidi, hadi kwenye bahari kuu. Mstari umerefuka. Kifungu cha wavuvi kimebaki kwenye faili.

Mwaka 2026 ndiyo nusu karne ya kifungu hicho. Katika miaka yote niliyoshika daftari sijakutana na askari wa doria, wa upande wowote, aliyewahi kukisikia.

Undugu wenyewe hauna haja ya kuthibitishwa. Wapemba walikwenda dago pwani ya Kenya tangu enzi za matanga, wakakaa, wakaoa, wakazaa, na mwaka 2023 Serikali ya Kenya ikawatambua rasmi kuwa raia baada ya miaka mingi ya kuishi bila vitambulisho. Tulilia kwa furaha siku ile, huku na huko. Lakini yule aliyepata kitambulisho Kilifi na mdogo wake aliyebaki Pemba wakikutana baharini na samaki ndani ya chombo, mmoja wao ni mhalifu. Inategemea tu maji yamewasukuma wapi.

Sasa nije kwenye mikataba ya ulinzi, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Nchi zetu zote mbili zimekuwa na shughuli nyingi na marafiki wa mbali. Kenya ilisaini makubaliano ya ulinzi na Uingereza mwaka 2021. Septemba 2023 ikasaini na Marekani mfumo wa ushirikiano wa ulinzi wa miaka mitano, na mwaka uliofuata Marekani ikaitaja Kenya mshirika wake mkuu aliye nje ya NATO. Desemba 2023 Kenya na India zilitoa tamko la pamoja kuhusu usalama wa Bahari ya Hindi na kulipa jina la BAHARI, neno letu wenyewe. Tanzania nayo iliinua uhusiano wake na India mwaka 2023, na Aprili 2025 jeshi letu liliandaa pamoja na India mazoezi ya wanamaji Dar es Salaam, AIKEYME, yaliyokusanya nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo. Mwaka 2024 kulikuwa na mazoezi ya pamoja na China na Msumbiji. Picha tuliziona kwenye simu. Meli safi za kijivu, vijana wetu wamenyooka kwa saluti, na nilijivunia kwa dhati.

Sipingi urafiki huu. Bahari ni kubwa kuliko mifuko yetu, na yako mambo ambayo bila meli za wenzetu yasingewezekana. Mfano mzuri tunao hapa nyumbani, na kila Mtanzania mwenye umri wangu anaukumbuka. Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa ikivua katika eneo letu la kiuchumi bila kibali, na tumboni ina karibu tani 300 za samaki, jodari wengi. Wananchi waliwaita samaki wa Magufuli, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa waziri wa uvuvi. Wengi hawakumbuki kwamba meli iliyoikamata haikuwa yetu. Ilikuwa Sarah Baartman, meli ya doria ya Afrika Kusini, katika operesheni ya pamoja ya nchi za ukanda huu. Rafiki alitusaidia kumshika mwizi akiwa ndani ya nyumba yetu.

Lakini angalieni yaliyofuata. Kesi ilisikilizwa, hukumu ya kifungo ikatoka mwaka 2012, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikafuta mwenendo mzima kwa kasoro za kisheria. Samaki walikuwa wameshagawiwa, na meli imechakaa bandarini. Rafiki wa mbali anaweza kukusaidia kushika. Hawezi kukuandalia jalada, hawezi kukutafutia shahidi, wala hatakuwapo siku ya kesi.

Na unga, yaani dawa za kulevya, ni vilevile. Dawa hizi hutoka pwani ya Makran, kule Iran na Pakistan, kwa majahazi, zinateremka na upepo mpaka kwetu, na pwani yetu ni mlango wake kwenda kwingine. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi mashariki ya Mombasa. Zaidi ya tani moja! Zikaharibiwa hapohapo baharini. Nashukuru kila gramu iliyozama, maana nimezika watoto wa majirani waliokufa na sindano mkononi, na ninajua nyumba ambazo mama analala na sufuria chini ya kitanda zisije zikauzwa. Lakini aliyekuwa anausubiri mzigo ule hakuwa kwenye jahazi. Alikuwa nchi kavu, amewasha simu, na faiba zake zipo tayari. Huyo meli ya Australia haiwezi kumfikia. Anayeweza kumfikia ni askari wa Kwale na askari wa Kaskazini Pemba wakiwa wanazungumza, usiku uleule, kwa lugha ambayo wote wawili wamezaliwa nayo.

Hapo ndipo penye shida, na wanasheria wenu watawaeleza vizuri kuliko mimi. Sheria ya kimataifa ya bahari inairuhusu nchi kukifukuza chombo kilichovunja sheria zake hadi nje ya maji yake, lakini ruhusa hiyo inakufa pale kinapoingia maji ya kitaifa ya nchi nyingine. Kwenye bahari pana, aliyekimbia ana mwendo mrefu kabla ya kupata pa kujificha. Kwetu sisi, kati ya Kigomasha na Shimoni ni kama kilomita 40 tu. Faiba yenye mashine mbili inavuka mstari kabla askari hajamaliza kuzungumza na mkubwa wake kwenye redio. Wasafirishaji wanalijua hili kama wanavyojua mitaa yao. Wanakaa palepale kwenye mshono, wakitazama ni upande gani umetokeza taa.

Kwetu Zanzibar kuna fundo la ziada, na Mheshimiwa Waziri wetu analijua. Ulinzi ni jambo la Muungano, uvuvi wa mwambao si la Muungano. Leseni ya ami imetoka Serikali ya Mapinduzi. KMKM wanaozuia magendo ni kikosi cha Zanzibar. Wanamaji ni wa JWTZ. Uvuvi wa bahari kuu una mamlaka yake nyingine, ya pande zote mbili za Muungano. Kila mmoja ana kazi yake na sheria yake, sina ugomvi na hilo. Ila mvuvi aliye gizani na chombo cha chuma mbele yake hana nafasi ya kuchagua ampigie nani kati yao.

Nimesikia pia kuhusu Mwongozo wa Djibouti wa mwaka 2009, uliosainiwa kwa ajili ya maharamia wa Somalia, na vituo vyake vya kupashana habari, kimoja Mombasa na kimoja Dar es Salaam. Mwaka 2017, kule Jeddah, uliongezwa uhusu pia uvuvi haramu na biashara za magendo. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina itifaki yake ya ushirikiano wa ulinzi ya mwaka 2012. Kwa hiyo karatasi tunazo za kutosha. Swali langu ni dogo: ami akipiga simu saa nane za usiku, habari yake inachukua muda gani kutoka Kigomasha kufika Dar es Salaam, kwenda Mombasa, na kushuka mpaka kwa askari mwenye boti pale Shimoni? Ningeomba mtu mmoja katika wizara zenu aifuate njia hiyo kwa saa mkononi, aone inakatikia wapi.

Ninawaomba mambo ambayo hayahitaji manowari wala mkopo.

La kwanza kabisa, kifungu cha 1976 kitolewe kwenye faili. Kiandikwe kwa Kiswahili, kibandikwe kwenye kila diko na kila kituo cha doria kutoka Tanga na Pemba mpaka Kwale, na kila askari anayepangiwa kazi mpakani asomewe kabla hajapanda boti. Wavuvi wa maili zile 12 wapewe kadi moja inayosomeka pande zote mbili. Kamati za wavuvi na BMU, vile vikundi vya kusimamia fukwe, zinajua nani ni nani. Daftari langu lina jina la kila nahodha, na la baba yake. Mkiwa na kadi hiyo, mtapata faida ambayo ni yenu kuliko yetu: asiye nayo atajulikana mara moja. Leo hii wote tunafanana machoni mwa doria, na ndani ya kufanana huko ndimo anamojificha mwenye unga.

La pili ni namba moja ya simu, inayopokelewa usiku na mchana, na mtu yuleyule akipokea aweze kuzungumza na wa upande wa pili bila kuomba ruhusa ngazi nne. Asiulize kwanza ni upande gani. Aulize ni wapi, ni kitu gani, na je, wewe uko salama. Namba hiyohiyo itusaidie kwa uokoaji. Sisi ni watu tuliopoteza mamia ya ndugu usiku mmoja katika Spice Islander, Septemba 2011, ikiwa njiani kuja Pemba. Usalama wa bahari kwetu hauanzi na adui. Unaanza na mtu kutolewa majini akiwa hai.

Na kuhusu kufukuzana kuvuka mstari, mkae mwandikiane. Boti ya Kenya inayomkimbiza msafirishaji isisimame mstarini ikimtazama anaondoka, wala yetu isisimame. Iruhusiwe kumfuata kwa masharti mtakayokubaliana, ikitoa taarifa papo hapo, au imkabidhi kwa boti ya upande wa pili ambayo imeshaanza kutoka. Ushahidi uchukuliwe kwa namna itakayosimama katika mahakama za nchi zote mbili, tusije tukapata Tawariq nyingine. Makubaliano ya namna hii hayawezi kusainiwa na Washington wala New Delhi kwa niaba yetu. Ni ya majirani wawili.

Mkisaini, tusomeeni. Kenya wana sheria ya mikataba ya mwaka 2012 inayotaka wananchi washirikishwe, na wabunge wao waliwahi kuwasikiliza watu kuhusu makubaliano na Uingereza. Kwetu, Katiba inaipa Bunge kazi ya kuridhia mikataba inayostahili kuridhiwa. Siombi siri za kijeshi. Naomba tujue nani anaruhusiwa kufanya nini kwenye maji tunayolala juu yake, na mashua ikigongwa au jarife likikatwa na meli ya mazoezi, tunadai wapi. Mvuvi asiyejua hilo hatapiga simu hata akiona. Atakata jarife lake arudi nyumbani akae kimya, na vijana wengi sasa ndivyo wanavyofanya. Wanasema kheri kutoona.

Ami yangu bado anaona. Ana miaka 61, amenunua mashine ya mitumba kwa deni la watu watatu, na giza la mwezi ujao atatoka tena. Nimeupaka rangi upya ule ubao wa bati, namba ni ileile kwa kuwa sijapewa nyingine. Waheshimiwa, nitakuwa macho na daftari langu usiku huo. Naomba akipiga, mmoja wenu awe ameweka mtu wa kupokea.

Wenu katika utumishi,
Katibu wa kamati ya wavuvi,
Kaskazini Pemba